Tuonyesheni Kilichomo Ndani ya Bei: Risala ya Wafanyakazi wa Kambi za Uwindaji



 Nafasi hii tumeiomba kwa miaka mitatu na leo tumeipata, kwa hiyo tutasema yaliyo moyoni bila kuzungukazunguka.

Sisi ni wasoma nyayo, wachunaji wa ngozi, madereva, wapishi, wadobi, wabeba maji na askari wa wanyamapori wa vijiji. Tunaishi pembezoni mwa Pori la Akiba Rungwa, ukanda wa barabara itokayo Itigi kwenda Chunya. Wengi wetu ni watoto na wajukuu wa warina asali, watu walioijua miombo hii kabla haijakatwa vitalu vya uwindaji. Hatukuja kuupinga uwindaji wa kitalii. Ndio uliotusomesha, ndio ulioezeka bati nyumba za wazazi wetu. Wala hatukuja kusema bei ya safari ishushwe au ipandishwe. Tumekuja kwa jambo moja. Bei ya safari ya kuwinda inapanda, na kila inapopanda tunaambiwa kwamba sababu ni gharama. Sisi nasi ni gharama. Tunataka kujua tumeandikwa wapi katika hesabu hiyo, na kwa shilingi ngapi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mgeni anayekuja kwa siku 21 kutafuta simba, chui na nyati analipa makumi ya maelfu ya dola. Kuongozwa tu, kwa siku moja, ni dola elfu moja na nusu, elfu mbili, na kuendelea. Juu ya hapo kuna ada ya kila mnyama atakayempiga, ada ya uhifadhi, kibali cha bunduki, ndege ya kukodi mpaka uwanja wa kambi, na gharama ya kusafisha, kufungasha na kusafirisha nyara. Tangu Julai 2016 huduma za utalii zinatozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Hayo tunayajua kwa sababu wageni wenyewe hutueleza jioni wakiota moto, na wengine hutuuliza kwa mshangao sisi tunapata kiasi gani. Huwa tunainamisha macho.

Sababu za kupanda kwa bei nazo tunazijua. Maeneo ya kuwinda yamepungua. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya Pori la Akiba la Selous, zaidi ya kilomita za mraba 30,000, iligeuzwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ambako uwindaji hauruhusiwi. Mwaka huohuo vitalu vikaanza kunadiwa kwa mtandao. Kabla ya hapo, Aprili 2014, Marekani ilisimamisha kuingizwa kwa nyara za tembo kutoka Tanzania na Zimbabwe. Mwaka 2015 simba aitwaye Cecil akauawa Zimbabwe, dunia ikapiga kelele, na mashirika kadhaa makubwa ya ndege yakakataa kubeba nyara. Wageni wakipungua, kambi bado inahitaji hema zilezile, jenereta ileile na dizeli ileile, kwa hiyo mzigo unagawanywa kwa wachache waliobaki. Hatuna ugomvi na hesabu hiyo. Kampuni zilizorudisha vitalu kwa kukosa faida tuliziona zikifunga virago, na tuliona pia kilichofuata: magari ya doria yalikosa mafuta, wachoma mkaa na ng'ombe wakaingia mahali palipokuwa na palahala.

Lakini hesabu hiyo ina upande wa pili usiosemwa. Mgeni analipa kwa dola, sisi tunalipwa kwa shilingi. Mwaka 2014 dola moja ilikuwa kama shilingi 1,700. Mwaka 2024 ilifika 2,600 na ushei. Yaani hata kama mwenye kampuni asingepandisha bei kwa dola moja, kila dola iliyoingia ilimletea shilingi nyingi zaidi za kutulipa. Sisi tulibaki na kiwango tulichopatana msimu tulioanza kazi, na wapo kati yetu ambao kiwango hicho hakijaguswa kwa misimu minne. Sukari haikutusubiri, wala nauli ya Itigi.

Tunaomba ruhusa tuonyeshe kazi yenyewe, kwa sababu wanaopanga bei wengi wao hawajalala porini.

Kwa kanuni zetu simba dume haruhusiwi kupigwa akiwa chini ya miaka sita, na kampuni ikikosea inaadhibiwa. Sasa, umri wa simba nani anaujua? Hana cheti. Mwenzetu mmoja alikuwa ndani ya kificho cha nyasi saa kumi na moja na nusu alfajiri, hatua kama sabini kutoka kwenye chambo, mgeni kulia kwake na mwindaji bingwa kushoto. Kulipopambazuka, dume akaja. Manyoya ya shingoni yamejaa, kifua kipana, kwa macho ya mgeni ni simba wa maisha. Bunduki ilikuwa tayari begani. Mwindaji bingwa akamtazama mwenzetu, naye alikuwa ameshika darubini akiangalia kitu kimoja tu, pua. Pua ya simba huanza na rangi ya waridi na huingiwa na madoa meusi kadiri miaka inavyokwenda. Ile ilikuwa bado nyekundunyekundu karibu yote, kama ulimi wa mtoto. Akatikisa kichwa. Bunduki ikashushwa, mgeni akakasirika, chai ikanywewa bila maneno. Siku ya kumi baada ya hapo wakapata mzee, pua nyeusi tii, sikio limechanika, meno ya manjano yamekatika ncha.

Kutikisa kichwa kule kulimwepusha mwajiri na adhabu. Kulimwachia yule dume kijana miaka ya kuzaa na kulea watoto wake. Kulimpa mgeni nyara ambayo kibali chake hakitakuwa na maswali. Ujuzi wa namna hiyo ndio unaouzwa katika matangazo ya safari kwa maneno mazuri, na unaongeza bei. Mshahara wa aliyeutoa, mwezi ule, ulikuwa uleule.

Au chukueni mchunaji. Gari likirudi saa mbili usiku na nyara, watu wote wanakwenda kuoga, yeye ndipo anapoanza. Anachuna kidole kimoja kimoja cha mguu wa chui. Anageuza masikio na midomo, anasugua chumvi mpaka vidole vyake vinapasuka, kwa sababu chumvi isipofika pembe ya mdomo manyoya yatanyonyoka na nyara ya maelfu ya dola itakuwa kitambaa. Wapo waliokatwa mshahara kwa kosa la kisu. Glovu hununua wenyewe.

Na lipo jambo ambalo ni zito kwetu kulisoma. Mwenzetu mwingine, msoma nyayo wa miaka mingi, alifuata damu ya nyati aliyejeruhiwa jioni iliyotangulia. Mtu asiyevijua vichaka vya Itigi hawezi kuelewa. Humo huoni hatua tatu mbele. Anayetangulia ni msoma nyayo; macho yake yako chini kwenye majani, mkononi ana kifuko cha majivu cha kupimia upepo, miguuni ana katambuga za tairi. Bunduki iko nyuma yake. Nyati aliyejeruhiwa huzunguka akarudi kuvizia njia yake mwenyewe, na ndivyo alivyofanya. Mguu wa mwenzetu ulivunjika mahali pawili. Mgeni ana bima inayoweza kumletea ndege kambini. Mwenzetu alilazwa nyuma ya gari, juu ya turubai, kwa saa saba za barabara.

Mgeni yule alitoa dola mia tano mfukoni mwake, na mpaka leo tunamwombea heri. Mwajiri alijibu kwamba makubaliano yalikuwa ya mdomo, kwa hiyo hapakuwa na jina la kupeleka popote. Nchi hii ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015 hasa kwa ajili ya mtu kama huyo. Jina lake halikuwamo. Leo anauza vocha na viberiti kwenye kibanda, na fimbo yake imeegemezwa mlangoni.

Kuhusu bahshishi tutasema kwa ufupi. Zamani mgeni alimpa kila mtu mkononi, akimtazama usoni. Siku hizi bahasha moja anapewa meneja wa kambi, na bei inavyopanda ndivyo bahasha inavyokonda, maana mgeni anaamini kwamba kwa fedha aliyolipa sisi tumeshalipwa vizuri. Hatumlaumu. Angejuaje?

Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1973 serikali ilipofunga uwindaji, na jinsi ulivyofunguliwa tena 1978. Katikati ya miaka hiyo, 1977, Kenya ilifunga moja kwa moja. Kwa hiyo tukiona wageni wanapungua msimu baada ya msimu, hatulali. Tunajua kwamba kazi hii inaweza kwisha, na ndiyo sababu hatutaki imalizike huku sisi tukiwa hatuna hata kipande cha karatasi kinachosema tuliwahi kuifanya. Tunajua pia nini hutokea pori likikosa watu wake. Kati ya sensa ya 2009 na ya 2014, tembo wa nchi hii walishuka kutoka 109,000 hivi hadi 43,000 hivi. Tutasema na hili kwa uchungu: wapo wenzetu waliowaonyesha majangili njia. Tunawajua, hatuwatetei, na baadhi yao tuliwakamata wenyewe. Lakini kijana anayejua kila kisima cha pori hili, anayemaliza msimu akiwa na deni dukani, ni mtu ambaye jangili hahitaji maneno mengi kumshawishi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, madai yetu ni haya.

La kwanza, na ndilo kubwa kuliko yote, kila kampuni itoe ukurasa mmoja kwa Kiswahili, kabla ya msimu kufunguliwa Julai 1, unaoonyesha katika bei ya siku moja ya safari ni kiasi gani kinakwenda kwa wafanyakazi wa kambi. Hatuombi siri za biashara, wala majina ya wageni, wala faida ya mwenye mali. Tunaomba mstari wetu tu. Ukurasa huo ubandikwe kambini na ofisi ya kijiji. Na ukishajulikana, bei ya siku ikipanda kwa asilimia fulani, mstari wetu upande kwa asilimia hiyohiyo, ukihesabiwa kwa dola na kulipwa kwa shilingi kwa kiwango cha siku ya malipo. Wakisema hilo haliwezekani, tunaomba watueleze mbele yenu kwa nini liliwezekana kwa mafuta ya ndege, ambayo yakipanda hulipwa kwa bei mpya.

Mikataba iandikwe, isomwe kwa Kiswahili, na mtu abaki na nakala yake. Ianze siku tunapoanza kazi, nayo si Julai. Mwezi wa Tano na wa Sita tunafyeka barabara, tunachoma nyasi, tunasimamisha hema, tunachimba vyoo, na wengi hulipwa posho ya siku kana kwamba ni vibarua waliopita njia. Majina yetu yapelekwe Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) na Mfuko wa Fidia kabla mtu hajapanda gari la kwenda porini. Kwa mwenzetu aliyevunjika mguu tunadai mwajiri wake wa wakati ule akae naye mezani, ofisa kazi akiwepo, amlipe anachostahili. Mwenzetu huyo yupo hapa leo, safu ya pili.

Akifuatwa mnyama aliyejeruhiwa, msoma nyayo awe na bunduki ya pili ubavuni kwake, ya mtu aliyefunzwa. Kambi iwe na machela, dawa za huduma ya kwanza na gari lisilotumika kwa kazi nyingine siku hiyo. Buti na glovu ni vifaa vya kazi, vinunuliwe na kampuni. Bahasha ya bahshishi ifunguliwe mbele yetu, akiwapo mmoja tuliyemchagua, na kiasi kiandikwe. Fedha za vitalu zinazorudi halmashauri na vijijini zibandikwe nazo, kwa tarehe na kiasi, ili mama ambaye mahindi yake yameliwa na tembo ajue kilichokuja kwa jina la tembo huyo.

Kwa upande wetu, tutaleta orodha ya wafanyakazi wote wa kambi, kijiji kwa kijiji, na miaka ambayo kila mmoja ameifanyia kazi hii. Tumeshaanza kuiandika. Ukurasa wa kwanza una watu waliofanya kazi kwa zaidi ya miaka ishirini.

Tunaomba majibu kwa maandishi kabla ya Juni 15. Wiki ijayo tunakwenda kufungua barabara za kambi kama kila mwaka, na safari hii kila mmoja wetu atakwenda na daftari lake la siku.