Diski ya GB 500 haibebi mwezi

Jamani mafundi wa kamera hapa Machakos, acheni kudanganya watu. Juzi jirani yangu mwenye duka aligundua wizi siku 8 baadaye, akihesabu mali. DVR ilikuwa imeshafuta kila kitu. Fundi alimwahidi “mwezi mzima”.

Haya, tuhesabu. Kamera ikirekodi kwa megabiti 2 kwa sekunde, gawanya kwa 8, zidisha kwa sekunde 86,400: GB 21.6 kwa siku. Kamera 4 ni GB 86.4. Diski ya GB 500 inajaa kabla siku 6 hazijaisha, kisha rekodi mpya zinafuta za zamani. Siku 30 zinataka karibu TB 2.6, basi weka ya TB 4 (angalia kwanza kama DVR yenyewe inaikubali). Hii ni hesabu ya shule ya msingi!

Na msimchomekee mteja diski iliyong'olewa kwenye kompyuta kuukuu. Ziko za kazi hii, WD Purple au Seagate SkyHawk, zilizoundwa kuandika usiku na mchana. Bei ikimshinda, washa H.265 kama mashine inayo, au irekodi kitu kikisogea tu. Lakini idadi ya siku mwambieni kabla hajalipa, na muiandike kwenye risiti.