Kuandikishwa Siyo Kusoma

Ndugu zetu katika imani, Mbagala si kijiji tena. Kutoka Charambe mpaka Chamazi nyumba zimeshikana. Sensa ya 2012 iliukuta Mkoa wa Dar es Salaam na watu 4,364,541. Ya 2022 ikaukuta na watu 5,383,728. Watu hao wana watoto, na watoto wanataka madarasa.

Tuseme haki: watoto wameandikishwa. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001, na kuanzia Januari 2016 ikafutwa ya sekondari hadi kidato cha nne. Familia iliyoshindwa shilingi 20,000 za ada ya kutwa ikafunguliwa mlango, nasi tunashukuru. Lakini mlango ulifunguliwa upesi kuliko kuta zilivyojengwa. Kipimo cha serikali ni wanafunzi 45 kwa darasa. Shule nyingi za pembezoni mwa jiji zimekipita mbali, na nyingine husomesha kwa zamu mbili, asubuhi na mchana.

Matokeo yake sisi walimu wa madrasa twayaona mikekani kwetu. Hutujia mtoto wa darasa la nne aliyehifadhi Juzuu Amma. Ukimpa sentensi moja ya Kiswahili, hawezi kuisoma. Mzazi akiulizwa hujibu: "Si elimu bure? Waulizeni walimu wao." Hapa ndipo penye maradhi. Waraka wa serikali wa mwaka 2016 ulibainisha kuwa sare, madaftari na chakula vimebaki juu ya mzazi. Kilichofutwa ni ada, siyo malezi. Mkutano wa wazazi ukiitishwa, viti hubaki vitupu. Mchango wa harusi ukipitishwa, daftari hujaa majina.

Nasi hatujitoi katika lawama. Wapo miongoni mwetu waliopanga vipindi vya madrasa saa ile ile ya zamu ya mchana, kisha wakamwadhibu mtoto kwa kukosa. Wamemlazimisha kuchagua baina ya mambo mawili ambayo dini haikuyatenga. Sira inatueleza kwamba baada ya Badr, mwaka wa 2 Hijria, mateka wasio na fidia walikombolewa kwa kuwafundisha watoto wa Madina kuandika, kila mmoja watoto kumi. Walimu wale walikuwa washirikina, na Mtume (S.A.W.) hakuikataa elimu yao. Sisi tuna hoja gani ya kuipuuza shule ya mtaani, ambayo baadhi ya walimu wake tunaswali nao safu moja?

Basi tuanze na tuliyo nayo. Kwanza, kila madrasa ipange ratiba yake baada ya kuiuliza shule jirani. Pili, tarehe ya mkutano wa wazazi itangazwe msikitini siku ya Ijumaa, na imamu awe wa kwanza kuhudhuria. Tatu, msikiti ufunguliwe baina ya Adhuhuri na Alasiri, vijana waliomaliza kidato cha nne wawasomeshe wadogo zao kusoma na kuhesabu.

Madarasa tutaendelea kuyadai serikalini, kwani ni haki yetu. Lakini mtoto ni amana iliyo mikononi mwetu, na siku ya kuulizwa hatutaulizwa idadi ya walioandikishwa.

Wabillahi tawfiq.