"Miti 150" Si Maelezo, Ni Mtego

Wasee wangu, nyinyi mlionizoea kwa vichekesho vya stage ya Kiminini, leo mnivumilie. Leo ni maneno ya miti. Na pesa. Na vile karatasi moja ya mistari miwili ilinifanya nikae miezi minne nikikwepa macho ya mamangu.

Wengi mnajua niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikataa, nikarudi nyumbani na simu yenye kioo kilichopasuka na ujuzi wa kuediti video. Mama ana kitalu cha miche kando ya barabara ya Kitale kwenda Webuye: grevilea, saiprasi, parachichi, maua kidogo. Nikaanza kumpigia video za kitalu chake, watu wakaanza kuuliza bei. Siku moja kontrakta mmoja akaniita. Alikuwa anamalizia majengo ya taasisi fulani si mbali na hapa, akataka kijana wa kupanda miti kwenye kompaundi. Nikajiona nimeomoka.

Karatasi aliyonipa ilisema hivi, neno kwa neno: "Leta na upande miti ya kivuli 150. Kazi iwe nzuri." Basi. Bei ilikuwa shilingi 180 kwa kila mti, jumla 27,000. Akanipa 5,000 za kuanzia. Mama akakopa 12,000 kwa chama chake tununue mbolea, tulipe pikapu na chakula cha vijana watatu niliowaita. Tulipanda katikati ya Novemba, siku nne, mgongo ukiuma, nikapiga na video. Ilipata watu wengi kuliko kitu chochote nilichowahi kuweka.

Mvua ikakatika. Ardhi yenyewe ilikuwa imekanyagwa na lori mwaka mzima, ngumu kama sakafu, imejaa changarawe na simiti iliyoganda. Januari wakafunga mfereji wa maji kwa sababu ujenzi ulikuwa umeisha. Kufikia Machi tulihesabu miti 41 hai.

Halafu akaja mkaguzi wa mwenye mradi. Akaangalia hata ile iliyopona, akasema, "Sisi tulitarajia miti ya mita moja na nusu. Hii ni miche ya shamba." Nikamuuliza imeandikwa wapi. Akaniambia mtu wa kazi anajua. Kontrakta akasema yeye hawezi kunilipa kama hajalipwa. Zile 22,000 zilizobaki sijaziona mpaka leo. Mama alilipa chama kwa kuuza kuku. Mmoja wa wale vijana tukipatana stage ananisalimia tu kwa kidevu.

Sasa skizeni maoni yangu, na najua kuna watakaobisha: tatizo halikuwa jua. Hata kontrakta simlaumu peke yake. Tatizo lilikuwa karatasi. Maelezo ya upanzi yasiyo wazi siku zote humsaidia yule anayeshika cheki, kwa sababu ndiye atakayeamua baadaye "kazi nzuri" inamaanisha nini. Na mimi nilikubali. Nilisaini kitu ambacho hakikusema chochote. Hapo kosa ni langu.

Tukienda mbele. Tangu Desemba 2022 nchi hii ina lengo la kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032, ili miti ifunike asilimia 30 ya ardhi. Hesabu ya 2021 ilituweka kwenye asilimia 12 na kitu. Shule, hospitali, soko, barabara, kila mradi siku hizi una mstari wa miti. Na sheria imetenga asilimia 30 ya tenda za serikali kwa vijana, akina mama na watu wenye ulemavu. Maana yake watu kama mimi na mamangu ndio tutapewa hizo kazi za miti. Basi tusipojua kusoma na kuandika hiyo karatasi, tutakuwa tunapewa nafasi ya kupata hasara.

Karatasi inafaa iseme nini? Mimi si mtaalamu, sina cheti. Lakini baada ya kuungua nilikaa usiku mwingi nikisoma, nikauliza wazee wa vitalu, na naona mambo ni matano.

La kwanza, jina. Jina kamili, la kisayansi, si la mtaani. Mfano wa hapa kwetu: mti wa Mlima Elgon tunaouita Elgon teak. Huo si mtiki. Ni Olea capensis, ndugu wa mzeituni. Mtiki wenyewe, ule wanaopanda sana Tanzania, ni Tectona grandis, mti wa Asia unaopukutisha majani kiangazi. Ukiandika "teak" peke yake, mtu anaweza kukuletea wowote kati ya hiyo miwili na akakushinda kwa maneno. Ukiandika "melia" ni vilevile, kuna Melia azedarach na kuna Melia volkensii, mukau wa Ukambani. Na "mti wa kivuli"? Hata mwembe una kivuli. Hata ukuta una kivuli!

La pili, ukubwa, na unapimwa wapi. Wenzetu wameligombania hili mpaka wakaandika viwango. Marekani, shina la mti mdogo hupimwa unene wake sentimita 15 kutoka ardhini. Uingereza hupima mzingo wa shina mita moja kutoka ardhini. Mti ni uleule, namba ni tofauti. Kwa hivyo andika: urefu mita 1 hadi 1.5 kutoka kwa udongo wa tyubu hadi ncha, shina limenyooka, tyubu isiyopungua inchi 6 kwa 9, mizizi haijazunguka ndani kama nyoka. Mistari miwili tu hiyo, na ingeniokolea 22,000. Ama ningeangalia bei, nikaona 180 haiwezi kununua mti wa namna hiyo, nikakataa kazi mapema.

La tatu, shimo na udongo. Futi 2 kwa futi 2, udongo wa juu uwekwe kando yake, simiti na mawe yatolewe, mbolea iliyooza ichanganywe, tyubu ya plastiki iondolewe yote, na shingo ya mti ibaki usawa wa ardhi. Hiyo ya tyubu msicheke. Nimeng'oa miti iliyokufa kwenye kazi za watu wengine nikaikuta bado imevaa plastiki. Pia karatasi iseme nani anavunja ile ardhi iliyoshindiliwa na lori. Si kazi ya kijana mwenye jembe wa shilingi 180.

La nne, msimu. Hapa ndipo karatasi za Nairobi hutuua. Jumatatu ya tarehe 13 Novemba 2023 serikali ilitupa sikukuu ya kitaifa ya kupanda miti. Nia ni njema, sipingi. Kwa mtu wa Nairobi ama Machakos, Novemba ni mvua ya vuli. Lakini sisi Trans Nzoia mvua yetu ni moja ndefu, inaanza kama Machi mwishoni ama Aprili, na kufikia Novemba tunavuna mahindi. Mwaka mwingine mvua huongeza kidogo, lakini ukipanda mti wakati huo, karibu anachofuata kukutana nacho ni jua la Desemba, Januari na Februari. Nyanya yangu hajaenda shule na analijua hilo. Basi maelezo ya kazi ya Kiminini yaseme: upanzi ufanywe Aprili hadi Juni. Jengo likiisha Oktoba, pesa ya miti isubiri.

La tano ndilo watu hawataki kuliandika: baada ya kupanda. Nani anamwagia maji, lita ngapi, mara ngapi kwa wiki, mpaka lini? Maji yanatoka wapi? Mti ukikauka nani anarudisha, na kwa pesa ya nani? Ukiliwa na mbuzi je? Mti haumaliziki siku ya kupandwa kama dirisha. Dirisha ukishaliweka limekaa. Mti siku hiyo ndiyo umeanza.

Najua mtaniambia mambo mawili. Wa kwanza atasema: "Ukiweka karatasi ndefu hivyo utafungia nje watu wadogo, akina mama wa vitalu hawasomi hizo Kizungu." Si lazima iwe ndefu, na si lazima iwe Kizungu. Hayo matano yanaingia ukurasa mmoja wa Kiswahili. Kinachomfungia nje mamangu ni mkaguzi anayekuja Machi na kipimo ambacho hakikuwepo Novemba. Mama anajua kukuza mti wa mita moja na nusu ukimwambia mapema. Kitalu ni kama uji, huwezi kuuharakisha mgeni akishaketi.

Wa pili atasema watu hutumia maelezo marefu kuelekeza tenda kwa rafiki yao. Kweli, hutokea. Unaona karatasi inataka mti fulani wa nje, saizi fulani, na ni mtu mmoja tu anao. Lakini dawa yake si kuacha kuandika. Dawa ni kuandika vitu vinavyopatikana hapa, na kuweka miti miwili ama mitatu mbadala kwa majina. Anayeandika atembelee vitalu vya Kitale na Kiminini kwanza, aone kuna nini, kabla ya kunakili faili la mradi wa Karen.

Mwaka jana mwalimu mmoja aliniita nimpandie miti 12 nyumbani kwake. Nikamwandikia ukurasa mmoja. Akacheka, akaniuliza, "Kijana, hii ni miti ama ni ndoa?" Lakini alisaini. Tulipanda Aprili. Mti mmoja ulikauka kwa sababu yangu, shimo lilikuwa na mawe niliyoyaona nikapuuza, nikaurudisha bure. Mwingine ukaliwa na mbuzi wake. Tukafungua karatasi: mbuzi ni wa mwenye boma. Akalipa palepale, hatukukosana. Hata sasa ananipigia kuniuliza kuhusu kayaba ya ua.

Hicho tu ndicho ninachotaka. Sidai miradi yote iwe na wasanifu wa mandhari kutoka ng'ambo. Nataka kijana akipewa kazi ya miti hapa Trans Nzoia ama Bungoma ajue kabla hajakopa: mti gani, mkubwa kiasi gani, shimo gani, mwezi gani, maji ya nani. Na nyinyi mnaotoa kazi, mkishindwa kujibu hayo matano, bado hamjawa tayari kupanda. Mnataka tu picha ya siku ya kufungua.

Ile miti 41 bado huwa napita kuiangalia nikienda Kitale. Mingine sasa imenipita urefu. Hakuna aliyenilipa kwa ajili yake, lakini ukiwa kwa matatu nikinyamaza ghafla hapo kwa geti, ujue nahesabu.