Wakili Unamlipa Wewe, Bosi Wake ni Benki

Ndugu msomaji, siku benki itakapokuambia kuwa mkopo wako umekubaliwa, usikimbilie kupiga vigelegele. Lipo jambo moja limebaki. Utapewa jina la wakili, uambiwe kuwa huyo ndiye atakayeandaa mkataba wa rehani ya nyumba yako, na gharama zake utazibeba wewe. Ukisema unaye wakili wako wa siku nyingi, mwenye ofisi yake hapa hapa mjini, utajibiwa kwa upole kuwa huyo hayumo kwenye orodha.

Orodha ipi? Nani aliiandika? Imebandikwa wapi? Ukiuliza hayo, upole unakwisha.

Asidhani mtu kuwa hii ni habari ya matajiri wa Dar es Salaam wanaonunua maghorofa. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini nyumba ndiyo akiba, ndiyo bima, ndiyo pensheni. Mfanyabiashara wa Mwanjelwa anayetaka kuongeza mzigo dukani anaweka rehani nyumba yake ya Ilomba. Mtu wa mbao kule Mafinga anaweka rehani nyumba ili apate mtaji wa mashine. Mwalimu anayetaka kununua nyumba Kihesa, mjini Iringa, anakopa kwa dhamana ya nyumba hiyo hiyo anayoinunua. Wote hao watapita mlango mmoja, mlango wa wakili anayekubalika na benki.

Tukumbushane tulikotoka. Nchi hii ilikuwa na Benki ya Nyumba, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972 ili Mtanzania wa kawaida apate mkopo wa kujengea. Mwaka 1995 benki hiyo ilikufa, ikiwa imeelemewa na mikopo isiyorudishwa. Likaja soko huria. NBC iliuzwa kwa ABSA ya Afrika Kusini mwaka 2000, na mwaka 2005 Rabobank ya Uholanzi na wenzake wakachukua asilimia 49 ya NMB. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ilianza kutumika Mei 2001, ikarekebishwa mwaka 2004, kisha mwaka 2008 ikaja sheria maalumu ya mikopo ya nyumba. Mwaka 2010 ikaundwa kampuni ya TMRC ya kuzikopesha benki fedha za mikopo hiyo.

Ukiyatazama marekebisho hayo utaona shabaha yake kubwa ilikuwa moja: kumtoa hofu mkopeshaji. Mkopaji aliachwa ajitafutie mwenyewe mtu wa kumtoa hofu. Na mtu huyo, ambaye kwa kawaida ni wakili, sasa anachaguliwa na benki.

Tuwe wakweli, benki nazo zina sababu. Mkataba wa rehani ukiandikwa vibaya, dhamana inaweza kuota mbawa. Majirani zetu Wakenya walilionja hili. Katika kesi ya Benki ya Taifa ya Kenya na Wilson Ndolo Ayah, Mahakama ya Rufani ya huko mwaka 2009 ilisema hati za dhamana zilizoandaliwa na wakili asiye na leseni ya mwaka husika ni batili. Benki imetoa fedha, mdaiwa kazila, dhamana haipo! Hadi Mahakama ya Juu ya Kenya ilipoamua mwaka 2015, katika kesi ya benki hiyo hiyo na kampuni ya Anaj Warehousing, kwamba kosa la wakili la kutokuwa na leseni peke yake halifuti hati.

Hapa kwetu Sheria ya Mawakili inamkataza mtu asiye na sifa kuandaa kwa malipo hati zinazohusu mali. Inataka jina la aliyeiandaa lionekane kwenye hati, na msajili anatakiwa kuikataa isiyokuwa nalo. Kwa hiyo benki inayomwogopa wakili kishoka, yule mwenye mhuri lakini hana sifa, haina kosa. Vishoka wapo, na wamewaliza watu wengi.

Lakini hofu ya kishoka ni jambo moja, na kumfungia mwananchi mlango ni jambo lingine. Dawa ya kishoka ni kukagua leseni, kazi ya dakika chache. Mahakama Kuu ina masjala Mbeya na Iringa, na mawakili husimama humo kuwatetea watu walioshtakiwa kwa mauaji, kosa ambalo adhabu yake ni kunyongwa. Kama wakili anaaminiwa na Mahakama Kuu kushika uhai wa mtu mkononi, kwa nini asiaminiwe na meneja wa tawi kuandika rehani ya nyumba ya vyumba vitatu ya Iyunga?

Sasa sikiliza kiini cha maneno yangu, msomaji. Wakili anayetoka kwenye orodha ya benki ni wakili wa benki. Kulipa kwako hakumgeuzi kuwa wako. Kazi aliyopewa ni kuhakikisha kuwa benki ikitaka kuuza nyumba yako, itaiuza bila kikwazo. Anaweza kuwa mtu mwema, mwadilifu na mcha Mungu, lakini si kazi yake kukuambia kuwa kifungu fulani kinairuhusu benki kupandisha riba, au kwamba nyumba yako itashikilia pia madeni mengine utakayokuja kukopa baadaye. Akikuambia, amekufanyia hisani.

Uingereza mambo ni tofauti kidogo. Huko mara nyingi wakili wa mnunuzi wa nyumba humwakilisha pia mkopeshaji katika shughuli hiyo hiyo, naye ana wajibu kwa wote wawili. Ndiyo maana mnunuzi wa huko huuliza mapema kama wakili wake yumo kwenye orodha ya mkopeshaji. Sisi tumechukua orodha, tukauacha ule wajibu kwa mnunuzi.

Hata sheria yetu yenyewe inalijua tatizo la mtu mmoja kuvaa kofia mbili. Sheria ya Kamishna wa Viapo inamkataza wakili kumwapisha mtu katika shauri ambalo yeye mwenyewe ni wakili wa upande mmojawapo. Kama hafai kupokea kiapo chako, atafaaje kuwa mshauri wako?

Basi ufanye nini? Kabla hujamlipa wakili yeyote hata shilingi moja, nenda benki uombe orodha ya mawakili wanaowakubali kwa Mbeya au kwa Iringa. Iombe kwa barua, ubaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Wako watu wanaomlipa wakili wao kuandika kila kitu, kisha benki inaikataa kazi yote na wanalipa upya kwa mwingine. Na kama ofisi zilizo kwenye orodha ziko Dar es Salaam, uliza nani atalipia nauli na siku za kusubiri, maana kutoka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800 na kutoka Iringa ni karibu 500.

Ukishapata jina, likague. Mahakama ya Tanzania inalo daftari la mawakili kwenye mtandao, na simu ya mkononi inatosha kuona kama leseni yake ya mwaka huu iko hai. Kuwemo kwenye orodha ya benki si ushahidi. Kisha mwambie akuandikie gharama zote kabla hajaanza: ada yake ni kiasi gani, ushuru wa stempu kiasi gani, ada ya usajili kiasi gani. Asikupe jumla tu. Fedha ya serikali idai stakabadhi yake, na fedha ya wakili stakabadhi yake.

Kama unanunua nyumba, tafuta wakili wa pili, wa kwako, hata kama kazi yake itakuwa kusoma tu. Huyo hahitaji kibali cha benki, kwa sababu hataandika rehani. Atasoma mkataba wa mauziano, atafanya upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati, na atakuambia kama anayekuuzia ndiye mwenye hati na kama nyumba haijawekwa rehani kwingine. Zamani mtu wa Iringa aliitegemea ofisi ya kanda iliyokuwa Mbeya, safari ya zaidi ya kilomita 300, lakini tangu mwaka 2020 kila mkoa una ofisi yake ya ardhi. Karatasi ya mwenyekiti wa mtaa ni ushahidi wa majirani. Haimfungulii mtu mafaili ya Msajili.

Tena kaa na mwenzi wako mezani. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ardhi kinasema rehani ya nyumba ya ndoa haisimami bila ridhaa ya mke au mume anayeishi humo, na mkopeshaji ana wajibu wa kuchukua hatua za kuthibitisha kama mwombaji ana mwenzi au hana. Mama, ukiletewa karatasi ya kutia saini jioni moja huku chakula kikiwa jikoni, isome kwanza. Saini yako ina nguvu sawa na ya mwenye hati.

Ujue pia haki zako za siku mbaya, maana wakili wa benki si lazima akusomee. Ukishindwa kulipa, benki haiji na dalali kesho yake. Sheria inataka upewe notisi, na siku 60 zipite tangu uipokee. Na ikiuza, inapaswa kutafuta bei bora inayopatikana. Nyumba ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya wastani wa soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inachukulia kuwa wajibu huo umevunjwa, nawe una njia ya kwenda mahakamani. Wangapi hapa Mbeya waliouziwa nyumba zao kwa bei ya kutupa waliwahi kuambiwa hivyo siku walipotia saini?

Hayo ni ya kwako. Lakini tusidanganyane, ujanja wa mtu mmoja mmoja haumalizi dhuluma. Serikali ya chama tawala ilipokuwa inatunga sheria za kuwalinda wakopeshaji haikuchoka kukaa bungeni. Sasa tunadai kikao kimoja kwa ajili ya wakopaji.

Orodha za mawakili, wathamini na madalali wa benki zibandikwe ukutani katika kila tawi, pamoja na vigezo vya kuingia. Orodha ya siri ni mlango wa ulaji, maana asiyejua jina limeingiaje hawezi kujua limelipiwa nini. Wakili yeyote mwenye leseni hai aruhusiwe kuandaa rehani, na benki ikitaka kuikagua kazi yake, iikague kwa gharama yake yenyewe. Mkataba usomwe kwa Kiswahili. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha sheria ya kufanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, lakini mkulima wa viazi wa Uyole bado anawekewa mbele yake kurasa tele za Kiingereza na kuonyeshwa pa kuweka dole gumba.

Benki Kuu nayo isijifiche. Tangu mwaka 2019 zipo kanuni zake za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha, na malalamiko dhidi ya benki yanaweza kufikishwa huko yakishindikana tawini. Ukikataliwa wakili bila sababu ya maandishi, lalamika kwa maandishi. Wakipokea barua moja wataiweka kwenye droo. Wakipokea mia kutoka Mbeya na Iringa, itabidi waitafutie droo jibu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la nyumba yako lisishikwe na mtu ambaye hujui anamtumikia nani. Kesho ukikaa mbele ya wakili uliyepewa na benki, muulize swali moja tu kabla hujashika kalamu: "Ndugu wakili, katika kazi hii mteja wako ni mimi au ni benki?" Akisema ni benki, mshukuru kwa ukweli wake, chukua nakala ya mkataba, uende nayo kwa wakili wako kwanza.