Ubatizo Usimnyime Mtoto Nafasi ya Chuo

Kila mara tunahubiri kwamba kumfuata Kristo kuna gharama. Nchini India gharama hiyo imeandikwa katika sheria, na miongoni mwa wanaoilipa wamo Walutheri wenzetu.

Mmisionari John Christian Frederick Heyer alifika Guntur, kusini mwa India, mwaka 1842. Kutokana na kazi hiyo likakua Kanisa la Kiinjili la Kilutheri la Andhra. Wengi waliobatizwa walikuwa Wamala na Wamadiga, watu ambao majirani waliona ni unajisi hata kuwagusa. Leo watu wa matabaka hayo huitwa Wadaliti. India ilipopata uhuru iliitambua dhuluma hiyo, ikawatengea watoto wao sehemu ya nafasi katika vyuo vya umma, hata vya udaktari. Hilo lilikuwa jambo la haki. Lakini Amri ya Rais ya mwaka 1950 iliweka sharti la dini, na sharti hilo likawaacha Wakristo nje. Masingasinga waliingizwa wote mwaka 1956, Wabudha mwaka 1990. Wakristo na Waislamu wangali mlangoni.

Tazameni matunda yake. Katika miaka ya 1970 kijana mmoja, ambaye wazazi wake walikuwa Wamadiga walioingia Ukristo, aliomba nafasi iliyotengwa katika Chuo cha Udaktari cha Guntur. Alikuwa ameshafanyiwa ibada ya kuingia Uhindu. Chuo kilimkatalia kwa kuwa hakuzaliwa Mhindu. Shauri likapanda hadi Mahakama ya Juu, nayo mwaka 1976 ikampa haki: mtu kama yeye aweza kurudi katika tabaka la wazazi wake, mradi wenye tabaka wampokee. Maana yake ni kwamba aliyeuacha Ukristo alifunguliwa mlango. Ndugu yake ambaye angebaki kanisani, mwenye umaskini uleule na alama zilezile za mtihani, angebaki nje.

Wapo wanaomwita kijana wa namna hiyo Esau. Tunakataa. Esau aliuza kilicho chake kwa njaa ya siku moja. Mtoto huyu alinyang'anywa kwanza, ndipo akaambiwa anunue. Wengine husema, "Mkristo na abebe msalaba wake." Naam, abebe ule alioukubali mwenyewe. Kumtwika mwingine msalaba kwa nguvu ni kazi ya askari wa Rumi.

Wanaoitetea amri hiyo wana hoja: Ukristo haufundishi matabaka, basi Mkristo asidai fidia ya matabaka. Hoja hiyo yasikika vizuri mpaka uende kijijini. Maji ya ubatizo huosha dhambi. Hayampi mtu shamba, wala hayamfanyi jirani asahau babu yake alikuwa nani. Tena sheria yenyewe haisimami sawasawa. Kwa watu wa makabila yaliyoorodheshwa hakuna sharti la dini. Mlutheri wa Ranchi, wa Kanisa la Gossner, akitoka katika kabila la namna hiyo, habanduliwi haki yake kwa kubatizwa. Mlutheri wa Guntur aliyetoka kwa Wadaliti hubanduliwa. Bwana mmoja, imani moja, ubatizo mmoja, sheria mbili! Tume ya Jaji Ranganath Misra iliona kasoro hiyo, ikashauri mwaka 2007 kwamba sharti la dini lifutwe. Serikali haikukubali.

Lakini neno kali zaidi ni kwa Kanisa. Mwaka 1985 Mahakama ya Juu, katika shauri la fundi viatu Mkristo, ilitaka ithibitishwe kwamba unyonge wa Wadaliti huwafuata hata ndani ya jumuiya ya Kikristo. Uchungu wake ni huu: ushahidi upo. Yako makanisa nchini India yaliyowaketisha Wadaliti upande wao na kuwazika katika makaburi yao peke yao. Yakobo alikwisha kukemea kanisa linalompa tajiri kiti kizuri na kumwambia maskini akae chini. Kanisa linalogawa viti vya ibada kwa ukoo litawezaje kuisuta serikali kwa kugawa viti vya chuo kwa dini?

Kwa hiyo tunadai mambo mawili, wala moja lisingoje jingine. Serikali ya India ifute sharti la dini, ili atazamwe mtoto na dhuluma aliyorithi. Na Kanisa, huko na huku kwetu, lisivumilie utengano wowote mezani pa Bwana, katika ndoa, wala makaburini. Sisi na Kanisa la Andhra tu ndugu katika Fungamano la Kilutheri la Dunia. Wajumbe wetu wanaokwenda kwenye vikao vyake walibebe jambo hili, na sharika zetu zilitaje katika maombi ya Jumapili. Mzazi anayempeleka mtoto wake kisimani pa ubatizo asilazimike kuhesabu kwanza nafasi ya chuo atakayompotezea.