Masanduku Tumeyafunga, Ulimi Je?

Imebaki miezi miwili tu familia yetu irejee nyumbani baada ya miaka minne hapa Leeds, Uingereza, alikokuja mume wangu kusomea shahada ya uzamivu. Sebuleni hakuna pa kukanyaga kwa masanduku. Kila jioni baba watoto huketi na kalamu akiorodhesha vitu, kwa kuwa Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 huwasamehe ushuru wakazi wanaorejea kwa mavazi yao na vyombo vya nyumbani walivyokuwa wakivitumia. Cherehani imo, vitabu vimo, hata mablanketi yamo.

Jumapili moja nilitambua kuwa kipo kitu tulichokisahau. Mama mkwe alipiga simu kutoka Muheza. Kitinda mimba wetu ana miaka saba, na bibi yake humwita "mume wangu", kama ilivyo desturi ya mabibi kuwatania wajukuu. "Mume wangu, hujambo? Machungwa yako yanakungoja, nimekataza yasichumwe."

Mtoto aliitikia "shikamoo", neno tulilomkaririsha, kisha akanitazama akingoja nimfasirie. Upande wa pili kukawa kimya. Halafu bibi akasema taratibu, "Mwanangu, mnaniletea mjukuu au mgeni?"

Sikuwa na la kujibu. Tulipokuja hapa mtoto huyu alikuwa na miaka mitatu, na Kiswahili alikuwa akikizungumza vizuri. Tukachelea asije akachekwa shuleni, tukawa tunasema naye Kiingereza hata wakati wa kula. Wageni waliposifu kwamba anazungumza kama mzawa, tulitabasamu. Dada yake hakupoteza kitu, kwani alikuja na miaka tisa, akijua kusoma na kuandika. Kosa basi si la mtoto, wala si la shule yake. Ni letu wazazi.

Mwaka 2021 UNESCO ilitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Mwaka jana tuliiadhimisha hapa na Watanzania wenzetu, nami nikapika pilau. Mwanangu aliila pilau. Hotuba hakuelewa hata moja.

Likazuka suala la shule. Hapa mwaka wa masomo huanza Septemba, kwetu huanza Januari, nasi tutawasili Agosti. Mume wangu akataka tumtafutie upesi shule ya mchepuo wa Kiingereza, asipoteze muda. Nikamwuliza, "Na bibi yake naye tumwandikishe huko?" Alinyamaza kitambo, kisha akaweka kalamu chini.

Usiku ule mtoto aliniuliza, kwa Kiingereza, kama huko tuendako kuna mtu anayemfahamu. Hapo nilielewa kwamba neno "kurudi" ni letu sisi wakubwa. Yeye anahama.

Tumeafikiana hivi: kuanzia Agosti hadi Desemba atakaa Muheza kwa bibi yake, nami nitakuwa naye mwezi wa kwanza. Januari ataingia shule ya msingi ya serikali, inayofundisha kwa Kiswahili. Hapa nyumbani tumeacha kuzungumza naye Kiingereza. Siku za mwanzo alilia na kununa. Sasa huomba chumvi na maji bila kusaidiwa, ingawa "ng'ombe" bado inamshinda.

Wazazi wenzangu mlio ng'ambo, msingoje tiketi ndipo mwanze safari ya kurudi. Sanduku hufungwa kwa siku moja, lakini ulimi wa mtoto hutaka miezi.

Juzi bibi alipiga simu tena. Mtoto akasalimu, akafikiri kidogo, kisha akauliza mwenyewe, "Bibi, machungwa mangapi?"

Bibi akacheka hadi akakohoa. "Njoo uyahesabu, mume wangu."