Ndege wa Kuokota ni Amana

Sisi watu wa pwani tu wepesi wa kutoa fatwa juu ya kitu kilichookotwa. Mmoja atasema, "Mungu kakupa, mshukuru." Wa pili atasema, "Kipeleke sokoni kabla mwenyewe hajatokea." Na ikiwa kilichookotwa ni ndege, hatakosekana wa tatu, anayejiona mwenye huruma kuliko wenziwe, atakayesema, "Mwachie aruke, kumfunga kiumbe ni dhambi." Rai zote tatu nazipinga. Hii ya tatu naipinga zaidi, kwa sababu yafanana na wema ilhali ndani yake mna mauti.

Kilichonifanya niyaandike haya ni mpwa wangu, mkulima wa mwani huko Kibuyuni, ambaye alimkuta ndege mgeni ametua juu ya uchanja wa kuanikia mwani. Mwili wa kijivu, uso wa manjano, doa la rangi ya chungwa kila shavu, na shungi limesimama utosini. Aliposogelewa hakukimbia, bali alipanda kidoleni kama aliyezoea. Mpwa wangu hakuwahi kufuga ndege isipokuwa kuku, na kila jirani alikuwa na shauri lake. Akanipigia simu: "Mjomba, nimfanyeje?" Nikaona kwamba swali hilo si lake peke yake, maana kutoka Diani hadi Shimoni hazikosi nyumba zenye ndege wa vizimbani, na dirisha moja likisahauliwa wazi, ndege wa mtu huwa mgeni wa mtu mwingine.

Ndege huyo ni kokateli. Ni wa jamaa ya kasuku, asili yake nyika kavu za Australia, uzito wake gramu 80 hadi 100 hivi. Hawa tuwaonao kwa wafugaji wamezaliwa vizimbani, na wazazi wao vilevile, kizazi baada ya kizazi. Hawakufunzwa kutafuta riziki wala kumjua adui. Basi wewe umwachie huku kwetu, aende wapi? Kunguru hawa weusi wenye shingo ya kijivu, walioletwa Unguja kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19 na kisha wakaenea pwani nzima, huwaandama hata ndege wenyeji, wakala mayai na makinda yao. Wamekithiri hata mwaka 2024 Shirika la Wanyamapori la Kenya likatangaza mpango wa kuwapunguza kwa milioni moja. Mgeni asiyejua pa kujificha atadumu siku ngapi mbele yao? Kumwachia ndege wa namna hii ni kumtupa tu, ijapokuwa anayemtupa huenda nyumbani moyo wake umetulia.

Sheria yetu haikuliacha jambo hili gizani. Mtume (s.a.w.) alipoulizwa juu ya ngamia aliyepotea alikataza asichukuliwe, kwa kuwa ana miguu ya kumfikisha majini na malishoni mpaka mwenyewe amkute. Lakini alipoulizwa juu ya kondoo aliruhusu achukuliwe, kwani asipochukuliwa na mtu atachukuliwa na mbwa mwitu. Kipimo ni uwezo wa mnyama kujilinda. Nami naona kokateli yuko upande wa kondoo, na mbwa mwitu wake ni kunguru.

Hata hivyo, kuokota si kumiliki. Kilichookotwa hutangazwa mwaka mzima, mahali penye watu: sokoni, bandarini, na mlangoni mwa msikiti, si ndani yake. Tena anayetangaza hasemi yote, huficha alama ili anayedai aitaje mwenyewe. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na ndege hawa wengi huvikwa pete mguuni yenye tarakimu. Nikamwambia mpwa wangu: tangaza kwamba umepata ndege, lakini tarakimu za pete zibaki kwako. Atakayezitaja ndiye mwenyewe. Hivyo huyo anayesema "kiuze upesi" ashike adabu yake, na huyo anayesema "Mungu kakupa" akumbuke kwamba Mungu humpa mja wake amana kabla ya kumpa mali, amtazame ataifanyaje.

Wako wanaoshikilia kwamba kufuga ndege tunduni hakufai kabisa. Hao wamsahau Abu Umayr, mdogo wake Anas bin Malik, aliyekuwa na kijidege akicheza nacho. Kilipokufa, Mtume alimwendea yule mtoto na kumuuliza habari zake kwa upole. Ibn al-Qass, mwanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafii aliyeishi karne ya nne ya Hijria, aliandika kitabu kidogo kizima juu ya hadithi hiyo moja, akatoa humo faida zipatazo 60, na wanavyuoni wameitumia kuwa dalili ya kujuzu kufuga ndege. Lakini iko na hadithi ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfunga, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie. Ukiziweka hadithi hizi mbili pamoja utaona kwamba kinachohukumiwa si tundu, ni jinsi aliyemo tunduni anavyotunzwa.

Na kutunza kwataka elimu. Tenga la kuku halimfai. Atakiwa tundu ambamo aweza kunyoosha mabawa yote mawili bila kugusa pande, na nafasi kati ya waya isizidi sentimita moja na nusu asije akapenyeza kichwa. Vijiti vya kutua viwe vya miti, kama vile tawi la mpera, vya unene mbalimbali ili nyayo zisiumie. Chakula chake ni uwele na mtama, lakini nafaka tupu humdhoofisha. Aongezwe mchicha, karoti na boga, na maji safi kila siku. Mkazi wa Kibuyuni hana haja ya kununua chokaa ya mifupa, kwani ule mfupa mweupe wa dome unaotupwa na maji ufukweni ndio huo huo unaouzwa kwa wafuga ndege nchi za mbali. Auroweke katika maji baridi mpaka chumvi itoke, aukaushe, autundike tunduni. Parachichi asimpe kabisa, ni sumu kwake, wala kahawa, wala vyakula vyetu vya chumvi.

Kisha kuna moshi. Mapafu ya ndege ni mepesi mno, na nyumba zetu ni za udi na ubani, jiko la mkaa na dawa ya mbu ya kuchoma. Kwetu ni manukato na kinga, kwake ni maradhi, na mvuke wa kikaango kisichoshika chakula, kikipata moto kupita kiasi, humuua mara moja. Ukitaka kufukiza, mtoe kwanza chumba kile. Usimchanganye na kuku, wasije wakaambukizana kideri. Kinyesi chake kilowanishe kabla ya kukifagia, kwani vumbi lake huweza kumpa mtu homa ya mapafu. Usiku muachie taa ndogo, maana ndege huyu hushtuka gizani akajipiga ovyo. Ukimwona amejivimbisha manyoya na kukaa chini ya tundu, usingoje kesho, mtafute daktari wa mifugo. Ndege huficha ugonjwa mpaka umemzidi.

Nasikia mtu akisema: watu wana njaa, nawe wahimiza ndege alishwe mchicha? Gao la uwele halijamfukarisha mtu. Gharama iliyo nzito ni muda. Kokateli ni ndege wa kundi, hawezi upweke, na akitunzwa vyema huishi miaka 15 hadi 20. Asiyekuwa na saa ya kukaa naye kila siku si mkosa, lakini ampe mwenye nafasi, na tangazo liendelee.

Wala pasiwe na mtu wa kuyageuza maneno haya kuwa ruhusa ya kutega. Kasuku wa kijivu, tangu mkutano wa Johannesburg wa mwaka 2016, amewekwa katika daraja la juu la viumbe waliokatazwa kuuzwa baina ya mataifa, kwa jinsi alivyonaswa akapungua misituni. Ndege wetu wa porini, tangu wa Shimba mpaka wa mikokoni, hawakupotea hata tuwaokote, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 iko juu yao.

Mwaka wa tangazo ukipita bila mwenyewe kutokea, mwokotaji aruhusiwa kumfanya wake, lakini mwenyewe akija baadaye bado ana haki yake. Mpaka wakati huo ndege ni wa mtu mwingine, na atakapokuja ampate yu hai, ana manyoya yake na mlio wake. Wengi wetu tumefunzwa madrasa kwamba mwenye kusaliti amana hana dini kamili. Hatukuambiwa kwamba amana ni fedha tu.